Pingili ya Nne na ya Tano

Kazi aliyotumwa Kobe asubuhi ile ilikuwa ya nusu saa, na Mkuu wake alikuwa ameirudia mara tatu asije akajifanya hakusikia. Aende hospitali, aonyeshe namba za skrubu zilizokutwa kwenye ile mifupa, daktari asaini kwamba ni zake, arudi. Faili lilitakiwa liende mahakama ya rufaa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. "Na usianze mambo yako," Mkuu alimwambia mlangoni. Mambo yake pale kituoni yalishajulikana. Ndiyo maana walimwita Kobe, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mpelelezi anayesoma ripoti kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka wenzake wanapiga miayo.

Kesi yenyewe kila mtu aliiona imekwisha. Miaka mitano nyuma dereva mmoja wa lori alifanyiwa upasuaji wa mgongo katika hospitali hiyo. Wiki saba baadaye shemeji yake, fundi magari, alimpitia nyumbani ampeleke kliniki, na kuanzia hapo Dereva hakuonekana tena. Fundi alisema alimshusha njia panda kwa sababu mwenyewe aliomba ashuke atembee kidogo. Nani angemwamini? Mtu katoka kupasuliwa mgongo juzijuzi, eti aombe kutembea! Na aliyemmaliza Fundi hakuwa polisi, alikuwa dada yake wa tumbo moja, mke wa Dereva. Alisimama mahakamani akasema mume wake siku zile hakuweza hata kujivalisha soksi, na kwamba asubuhi ile wawili hao walitoka wamenuniana. Fundi akafungwa maisha bila maiti kuonekana.

Sasa wiki iliyopita wajenzi walikuwa wanasafisha gereji yake ya zamani, ambayo ilifungwa tangu siku aliyokamatwa. Waliondoa kifusi cha ukuta ulioangukia lile shimo la kukagulia magari kwa chini, wakakuta mifupa ya mtu mzima, na kiunoni vyuma. Mkuu alipopata habari alicheka peke yake ofisini. Rufaa imekufa, alisema, na akaagiza chai.

Daktari wa migongo alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye maneno mengi kuliko muda wake. Alimtolea Kobe daftari la chumba cha upasuaji. Kila skrubu inayoingia mwilini mwa mtu, alieleza, inakuja na stika yake yenye namba, na stika hiyo inabandikwa humu kabla mgonjwa hajazinduka. Kobe alipitisha kidole. Skrubu nne, vijiti viwili vya kuziunganisha, na kijisanduku kimoja cha titani. Akalinganisha na picha alizopewa mochwari, namba kwa namba, huku Daktari akiangalia saa. Zote zililingana. Daktari akasaini, na hata nusu saa haikuwa imetimia.

Angeweza kuondoka. Lakini Daktari alikuwa ameshachukua eksirei ya ile mifupa, iliyopigwa mochwari juzi, akaipachika kwenye kioo cha taa ukutani na kurudi nyuma hatua mbili kuitazama. Hakuficha furaha yake. Alimwita Kobe aje aone kazi.

Kobe alisema yeye anaona misumari tu. Daktari akamwonea huruma, akamwelewesha. Zamani, alisema, mgonjwa wa namna hii alichanwa mgongo kwa urefu wa kiganja na nyama zikabanduliwa huku na huku. Siku hizi ni matundu madogo manne, mawili kila upande, kila moja urefu wa kucha. Unapenyeza mrija, nyama unaisukuma pembeni badala ya kuikata, njia unaiona kwenye skrini. Unaondoa ile diski iliyochakaa, mahali pake unaweka kijisanduku kilichojazwa vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe, halafu unafunga pingili ya nne na ya tano za kiuno kwa skrubu zisichezecheze. Watu wanadhani tiba ni chuma. Chuma ni cha kushikilia tu. Tiba ni mfupa: unaota, unajaza nafasi, na pingili mbili zinakuwa moja.

"Na huyu umeota vizuri ajabu," alisema.

Kidole cha Kobe kikasimama juu ya kioo.

"Umeota kwa muda gani, daktari?"

"Huu? Mwaka. Mwaka na nusu ningesema, ukinibana."

"Wiki saba?"

Daktari alicheka. "Wiki saba ni ujiuji, afande. Bado hakuna mfupa wa..." Kicheko kikamkatikia mdomoni. Alikwenda kuketi, akalivuta lile daftari, akaisoma upya tarehe ya upasuaji kana kwamba ingeweza kuwa imebadilika.

Kobe hakumpa nafasi ya kupumua. Alimuuliza kama mgonjwa wake angeweza kutembea wiki ya saba. Daktari alimtazama kwa mshangao. Alitembea siku ileile ya upasuaji, jioni, yeye mwenyewe akiwa amemshika mkono. Si ndiyo faida ya matundu madogo? Walichomkataza ni kuinama, kubeba na kujipinda. Kutembea alimwandikia kama dawa, asubuhi na jioni.

"Mbona hayo hukuyasema mahakamani?"

"Sikuitwa. Nililetewa barua yenye swali moja: je, akishambuliwa angeweza kujitetea? Nikajibu hapana. Hiyo tu ndiyo waliyotaka."

Kobe aliandika jibu hilo neno kwa neno, akachukua dakika nzima. Halafu akatoa hoja ambayo alijua Mkuu angeitoa. Huenda pingili zilionekana moja kwa sababu ya hivyo vyuma. Daktari alisimama palepale, akachukua bisibisi yake ya upasuaji kwenye boksi, akasema twende.

Mhudumu wa mochwari, ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Barafu, aliwapokea kwa manung'uniko. Alishajaza fomu zake, na mtu aliyekwisha kujaza fomu hapendi kuona bisibisi. Kobe alimwomba apige picha kila hatua na kuandika muda. Daktari alivaa glavu, akafungua vifuniko vinne vya skrubu, akatoa kijiti cha kwanza na cha pili, kisha skrubu moja baada ya nyingine, na kila skrubu ikawekwa kwenye mfuko wake. Kazi yote ilimchukua robo saa, maana skrubu ya mwisho ilikuwa imeng'ang'ania.

Zile pingili mbili zikabaki mikononi mwake bila chuma chochote cha kuzifunga. Alijaribu kuzitenganisha. Akajaribu kwa nguvu zaidi, viwiko nje, mpaka glavu ikachanika. Akampa Bwana Barafu, mtu wa mikono mipana, naye akashindwa. Kilikuwa kipande kimoja cha mfupa.

"Maiti haioti mfupa," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mtu alikuwa anakula, analala na kutembea, mwaka mzima au zaidi baada ya kutoka kwangu."

Bwana Barafu ndiye aliyeleta kikwazo, na kilikuwa cha maana. Wazee wengi, alisema, pingili zao hushikana zenyewe. Wakili wa serikali si atasema zilikuwa hivyo tangu zamani? Daktari akakubali kwa shingo upande. Ingetakiwa picha iliyopigwa kati, baada ya upasuaji na kabla ya kupotea. Ilikuwepo. Aliipiga wiki ya sita. Lakini mashine ya zamani ilishatupwa na kumbukumbu zake zote, na picha yenyewe mgonjwa aliondoka nayo kwenye bahasha, kama ilivyokuwa desturi.

Kobe hakurudi kituoni. Simu ya Mkuu iliita mara mbili mfukoni mwake, akaiacha iite. Alipiga ya kwake kwa jirani wa gereji, mama muuza vipuri, akaambiwa ukuta ule uliangushwa na mvua kubwa za miaka miwili iliyopita. Mama huyo alikumbuka vizuri kwa sababu na bati lake liliondoka siku hiyo. Miaka miwili iliyopita Fundi alikuwa na miaka mitatu ndani.

Akampitia Fundi gerezani. Alimkumbuka kijana mwenye mabega wa siku za kesi. Aliyeletwa alikuwa na mvi na miwani iliyofungwa uzi. Alisema yaleyale aliyosema miaka mitano nyuma, bila kuongeza chumvi. Njia panda, karibu na kituo cha mafuta, Dereva alimsimamisha akashuka. Kobe akamuuliza kuhusu gereji. Mlango wa nyuma, alisema, ulikuwa na funguo mbili, na moja alikuwa nayo Dereva tangu enzi wanapaki lori pale. Halafu Kobe akamuuliza kwa nini yeye na Dereva walinuniana asubuhi ile. Hapo Fundi akavua miwani.

"Aliniambia, shemeji, nimekuwa mtoto mchanga katika nyumba yangu. Navalishwa, nageuzwa kitandani, na lori sitaliendesha tena. Nikamwambia aache upuuzi, atapona. Akanuna."

"Hilo hukulisema mahakamani."

"Dada yangu alikuwa amekaa mbele yangu, afande. Alimtunza yule mtu kwa mikono yake miwili. Ningesema mbele za watu kwamba ndicho kilichomkimbiza?"

Ilikuwa inakaribia saa nane mchana Kobe alipofika nyumbani kwa mke wa Dereva. Kilikuwa chumba na sebule, umbali wa dakika tano tu kutoka ilipokuwa gereji. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na sebule ilijaa sare za shule, kaptura upande huu, sketi upande ule. Alimkaribisha Kobe, akamwita mdogo wangu, akamwondolea vitambaa kwenye kiti. Alidhani ameletewa ruhusa ya kuzika. Tangu wiki iliyopita alikuwa anaingoja, na shati la mume wake alishalipiga pasi likaning'inia mlangoni.

Kobe aliuliza kuhusu picha ya wiki ya sita. Mama hakushangaa hata kidogo. Alikwenda nyuma ya kabati, akatoa bahasha kubwa ya kaki iliyovishwa mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, wenye vifungo. Alisema huitoa kila Jumapili. Picha nyingine za mume wake amezitundika, lakini hii ndiyo anayoizungumzisha. Aliinyanyua dirishani, na pale kwenye mwanga kiuno cha mtu kikatokea, cheupe, na skrubu nne.

"Wewe utaona chuma," alisema. "Mimi namwona yeye. Hapa nilikuwa namsugua jioni. Matundu yake nayajua kwa vidole, mawili huku, mawili huku. Watu wanadhani mtu akishapotea miaka mitano unamkumbuka kwa sala tu. Mimi namtamani, mdogo wangu. Nikilala naacha nafasi ya mgongo wake."

Akasimulia, na Kobe akamwacha asimulie. Walivyofundishwa na hospitali kumgeuza mzima mzima, mabega na nyonga kwa pamoja. Mume alivyokuwa akimwita Kamanda, kwa sababu yeye mke ndiye aliyempangia saa ya kuamka. Mume alivyozunguka uani na mkanda wake kiunoni, raundi ishirini asubuhi na ishirini jioni, yeye akimhesabia kwa maharage kwenye bakuli. Kobe akauliza kama hizo raundi aliwahi kuzitaja mahakamani. Mama akasema hapana, aliulizwa habari za soksi.

Picha ilikuwa pale dirishani, na Kobe aliiona bila kuhitaji daktari. Kati ya pingili ya nne na ya tano palikuwa na kijisanduku, na pembeni mwake weusi mtupu. Mfupa ulikuwa bado. Angeweza kusema asante, akatia picha kwenye mkoba na kwenda zake, sheria ilimruhusu. Akakaa vizuri kwenye kiti.

"Dada, kabla sijaichukua, nikwambie ninaitakia nini."

Akamwambia yote, taratibu, kwa mpangilio ule anaoandikia ripoti. Kwamba mfupa ulioko mochwari umeshikana mpaka wanaume wawili wameshindwa kuutenganisha. Kwamba kazi hiyo huchukua mwaka na zaidi. Kwamba ufunguo mmoja wa mlango wa nyuma wa gereji alikuwa nao mume wake. Kwamba ukuta uliomwangukia mume wake ulianguka wakati wa mvua za miaka miwili iliyopita. Mama alisikiliza akiwa amesimama, picha imemshukia mkononi mpaka ikagusa sakafu.

"Kwa hiyo hakufa siku ile."

"Hakufa siku ile."

"Na mvua zile kaka yangu..."

"Alikuwa gerezani."

Mama aliirudisha picha kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko, akafunga vifungo vyote vitano. Halafu akaukumbatia kifuani.

"Hii sikupi," alisema. "Nisamehe, lakini sikupi. Sasa hivi mimi ni mjane. Mjane ana mume wake, amekufa lakini ni wake. Nikikupa hii nitakuwa mwanamke aliyeachwa. Miaka mitano nimemlilia mtu aliyekuwa anatembea mjini kwa miguu yake?"

Kobe hakutaja hati ya upekuzi wala mahakama. Wanaomcheka kwa upole wake wangemwona pale, ameketi kati ya sketi za shule, mikono mapajani, anangoja tu. Simu ikaita tena, akaizima.

Mama akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akauliza, bila kumtazama:

"Alipona?"

"Alipona kabisa. Daktari anasema kazi nzuri namna ile haioni mara nyingi."

"Angeweza kuinama?"

"Kuinama, kubeba, kila kitu."

Mama akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo. "Nilivyomwombea apone! Nilimwombea mpaka magoti yakaota sugu." Akajifuta kwa kipande cha kaptura ya mtoto wa watu. "Mzima hivyo, na ufunguo mfukoni, dakika tano kutoka hapa. Alikuwa anarudi, mdogo wangu, au alikuwa anajikinga mvua tu?"

Kobe alitamani sana kusema anarudi. Neno lilikuwa tayari ulimini, na hakuna mtu duniani ambaye angemkosoa.

"Sijui, dada. Mfupa haukuniambia hilo."

Mama aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akanyoosha mikono, akamkabidhi ule mfuko na vifungo vyake. Kobe akaandika stakabadhi: picha moja ya eksirei, kiuno, wiki ya sita. Mama akasaini kwa mwandiko wa kushonea, herufi ndogondogo zilizobanana.

"Kaka yangu umemwona leo?"

"Nimetoka kwake."

"Ameniulizia?" Akawahi kujijibu. "Ataniuliziaje? Nilimnyooshea kidole mbele ya watu wote. Mama yetu alikufa akinisihi nikamwone, nikakataa. Nilisema huyo si kaka yangu tena."

Kobe alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa kwa kidole kama kawaida yake. Getini, alimweleza, wafungwa wa kifungo kirefu huandikisha kila mwezi jina la mgeni mmoja wanayemtarajia, ili akija apitishwe bila kusumbuliwa. Yeye alipokuwa anasaini kuingia aliomba lile buku, akasoma mistari ya Fundi kuanzia mwezi wa kwanza mpaka huu. Askari wa getini alichoka kumngoja.

"Ameandika majina mangapi?" Mama aliuliza.

"Moja tu, dada. Miezi hamsini na sita, jina lako."

Mama alibaki ameshika ukingo wa cherehani. Sauti ilipomtoka ilikuwa ya mtoto.

"Geti lao linafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

Ilikuwa saa tisa kasoro. Mama aliinuka, sketi zikaporomoka sakafuni, naye akazipita bila kuziokota, akaenda kutafuta viatu.